Na Wahandisi wa Porini, Kutoka Dar es Salaam hadi Usangu

Kabla ya kuwa reli, TAZARA ilikuwa njia ya miguu. Wapimaji 12 wa Kichina walitembea miezi 9 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya wakitafuta mahali tuta lingepita: mto uvukwe wapi, mlima utobolewe wapi, udongo upi utabeba uzito na upi utazama masika ya kwanza. Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Mwaka 1975 reli ilikuwa imefika Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860 kutoka Bahari ya Hindi, ikiwa na madaraja 320 na mahandaki 22. Makaburi ya Wachina waliofia kazi hiyo yako Gongo la Mboto. Siasa za reli ile zimeandikwa sana, tangu enzi za Mwalimu Nyerere, Kaunda na Mao. Mimi huwa nawafikiria wale 12 na viatu vyao.

Safari hii niliipanda treni hiyo kwa ajili ya binti wa kaka yangu. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Jiografia na Hesabu, na kuna jambo moja analolijua kwa hakika: hawezi kazi ya kukaa ndani. Ukiuliza ukoo wetu, mtu wa namna hiyo ana njia tatu, kilimo, utalii au jeshi. Uhandisi haumo, kwa sababu mhandisi wanayemjua wao ni yule wa kwenye picha, kofia ngumu nyeupe isiyo na vumbi na kompyuta mbele yake. "Shangazi, kama uhandisi ni kiyoyozi, niacheni nikalime," aliniambia sikukuu ya Idi, mbele ya baba yake. Kaka yangu alikasirika. Mimi niliona hoja ya mtoto ina uzito, ila imejengwa juu ya habari pungufu. Nikamwomba kaka anipe binti niende naye hadi Usangu, nimkutanishe na watu ambao ofisi yao ni bonde na mto.

Chumba cha kulala kwenye treni ile kina vitanda vinne, na wanawake hawachanganywi na wanaume, kwa hiyo tukawa wanne: sisi wawili, mama mmoja mfanyabiashara wa mchele anayerudi Ifakara, na dada wa miaka thelathini na kitu aliyepanda na sanduku la njano ambalo hakutaka limtoke machoni. Ndani mlikuwa na totali stesheni, ile mashine ya kupimia yenye darubini. Miguu yake mitatu ilikataa kuingia chini ya kitanda, ikasafiri imelala kwenye ujia, na kila mhudumu aliyepita na chai aliiruka.

"Shikamoo," binti alimwamkia, kisha hata kabla ya treni kutoka Dar es Salaam akamuuliza: "Hii kazi ni ya nje kweli, au mnakwenda nje siku ya kupiga picha?"

Dada alicheka. Ni fundi sanifu wa upimaji, mwenye stashahada, na alikuwa anakwenda kwenye mradi wa barabara nyanda za juu. Alieleza siku yake kwa utaratibu ambao ulinifurahisha. Saa kumi na mbili asubuhi mashine inakuwa imeshasimama kwenye alama ya zege, kwa sababu jua likipanda hewa ya juu ya ardhi inachemka, na prizimu iliyoshikwa na mwenzako umbali wa mita mia tatu inacheza ndani ya darubini kama iko chini ya maji. Ukisoma pembe wakati huo umejidanganya. Kwa hiyo wanapima alfajiri, mchana wanapumzika kivulini na kukagua hesabu, alasiri wanarudi. Pembetatu zilezile alizozifanya binti darasani, sine na kosaini, ndizo zinazosema kona ya barabara ianzie kwenye mbuyu au baada yake.

Binti akamuuliza mbona hajasoma mpaka digrii. Jibu lake nimelibeba tangu siku ile. "Injinia wangu wa kwanza alikuwa mtu wa nje kunishinda mimi. Alikuwa anajua kila korongo. Akapandishwa cheo, akapandishwa tena, sasa yuko Dodoma anasaini mikataba. Nikimpigia simu ananiuliza mvua imeanza?"

Hapa nina neno langu, na nalisema kwa moyo wote. Tunawapeleka vijana chuo kikuu kana kwamba stashahada ni adhabu. Kwa anayetaka kuishi maisha yake ya kazi chini ya anga, fundi sanifu mara nyingi yuko mahali pazuri kuliko mhandisi, kwa kuwa ngazi ya uhandisi inapanda kuelekea ndani. Mhitimu wa digrii anatumikia walau miaka 3 chini ya uangalizi kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumtambua kuwa mhandisi mtaalamu, na miaka hiyo huwa ya nje hasa. Baada ya hapo zinakuja bajeti, vikao na mikataba. Wapo wanaopambana kubaki saiti, nitamtaja mmoja. Lakini kijana aambiwe mapema kwamba Chuo cha Ufundi Arusha, Chuo cha Maji pale Ubungo na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) vinatoa watu ambao nchi inawahitaji nje kila siku, na kwamba hakuna aibu yoyote katika kulichagua hilo.

Dada yule hakuficha upande wa pili. Kwenye mradi mmoja aliofanya kazi zamani, kampuni ya ujenzi ilichimba choo kimoja kwa watu wote wa kambi, na wanawake walikuwa wawili. Walikuwa wanapunguza kunywa maji asubuhi, porini, kwenye joto, ili wasihitaji kujisaidia hadi jioni. Mmoja aliugua figo akaacha kazi. Mama wa mchele, ambaye hadi hapo alionekana amelala, alikaa kitandani akasema, "Huo ni ukatili," akalala tena. Ni ukatili. Choo cha wanawake kwenye kambi kinagharimu mabati machache na siku moja ya fundi, na kinaamua nani atakuwa mhandisi wa nje na nani hatakuwa.

Jua lilikuwa linashuka tulipoingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Abiria wote walihamia madirishani, swala pala wakakimbia sambamba na treni, twiga wakatutazama bila kujisumbua. Stesheni ndogo ya Fuga ilipita upesi. Hapo ndipo ilipokuwa ikishushwa mizigo ya ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115, kisha malori yakaivuta hadi kwenye korongo la Rufiji. Nilimweleza binti jambo ambalo watu hulisahau kuhusu mabwawa. Kabla ya ndoo ya kwanza ya zege, wanajiolojia na wahandisi wa miamba hukaa porini muda mrefu wakichoronga ardhi na kutoa vipande virefu vya mwamba, wakavipanga kwenye masanduku kwa mfuatano wa kina. Wanatafuta nyufa, tabaka laini, mahali maji yatapenya. Ukuta wote wa zege baadaye unategemea macho ya mtu aliyeinama juu ya sanduku la mawe.

Mlimba tuliteremka kabla ya mapambazuko. Mji wenyewe ni mdogo, una matope mazuri ya mpunga na maembe, na mbele yake Milima ya Udzungwa imesimama wima. Reli hapa inaacha Bonde la Kilombero na kuanza kupanda kuelekea Makambako, kutoka chini ya mita 500 hadi juu ya mita 1,600 toka usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mahandaki na madaraja marefu ya TAZARA yamebanana kwenye kipande hiki. Kama kuna darasa la uhandisi wa nje Afrika Mashariki, ni hapa.

Tulikutana na mhandisi wa njia, rafiki wa shemeji yangu, mtu mwembamba wa makamo ambaye kila mtu pale, hadi muuza karanga, anamwita Injinia. Huyu ndiye niliyesema nitamtaja. Amewahi kuitwa makao makuu, akaomba abaki. Alituambia tuvae viatu vya kufunga, tukamfuata kando ya tuta asubuhi nzima, yeye mbele, gengi la wanaume watano na majembe yao nyuma.

Nilidhani tutakwenda kutazama vyuma. Yeye alitazama kila kitu isipokuwa vyuma. Alisimama mbele ya ukingo ulioota majani mabichi wakati pande zote majani yamekauka. "Kiangazi hiki, kijani hiki kimetoka wapi?" alimuuliza binti. Binti akafikiri, akajibu kuna maji chini. Ndiyo, maji yanapita ndani ya tuta badala ya kupita kwenye kalavati, na tuta linalokunywa maji siku moja litateremka na reli juu yake. Mbele kidogo alituonyesha miti mitatu iliyoinama upande mmoja, vigogo vikiwa vimepinda kuelekea juu kutafuta wima. Mlima ule unatembea, polepole, na miti ndiyo mashahidi. Kisha akatuonyesha taruma la zege ambalo kokoto za kando yake zilikuwa na unga mweupe: linacheza kila treni ikipita, linasaga kokoto, halijakaa vizuri. Gengi likaanza kushindilia pale pale.

"Watu wanafikiri adui wa reli ni uzito wa treni," alisema. "Treni tunaijua uzito. Adui ni maji." Kokoto zote zile chini ya mataruma, alieleza, kazi yake moja kubwa ni kuyaondoa maji upesi. Zikijaa udongo, reli inakaa kwenye uji. Ndiyo maana kazi yake nyingi ya kiangazi ni kuzibua mifereji na makalavati ambayo hakuna abiria atakayeyaona maisha yake yote, na kazi ya masika ni kuamshwa usiku kwa sababu mlima umemwagikia njia.

Niliona sura ya binti ikibadilika. Huyu ni mtoto aliyekua akisoma majani na miti shambani kwa bibi yake, akijua kisima kichimbwe wapi kwa kutazama mimea. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ni elimu ya udongo na maji, na kwamba ikitiwa hesabu inakuwa taaluma ya kulipwa. Nadhani hapo ndipo shule zetu zinapokosea zaidi. Mwanafunzi anayependa nje anachukuliwa kuwa mtoro, wakati macho yake ndiyo mtaji ambao chuo hakiwezi kuuza.

"Injinia, hujawahi kuchoka?" alimuuliza.

"Kuchoka nachoka. Malaria imenipiga humu mara nyingi. Watoto wanasoma Mbeya, nawaona mwisho wa mwezi kama njia haijakatika. Mama yao ndiye amewalea, mimi nimetuma hela." Alisema hivyo bila kupunguza mwendo. "Ukichagua hii, chagua na mtu wa kuoana naye, ajue mapema."

Kutoka upande wa Mlimba si mbali kufika Kihansi, na tulikuwa tumeomba kibali. Kituo cha umeme cha Kihansi kinazalisha megawati 180, na kilianza kazi miaka ya 1999 na 2000. Mto unachukuliwa juu ya mlima, unaingizwa kwenye shimo ndani ya mwamba, unashuka zaidi ya mita 800 na kuzungusha mashine tatu zilizojengwa chini ya ardhi. Ni kazi kubwa na inastahili sifa. Lakini nilimpeleka binti kule kwa sababu ya chura.

Mwaka 1996, mradi ukiwa tayari unajengwa, watafiti waligundua kwenye korongo chura wa manjano asiyefika sentimita 3, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na ambaye hakuwa akiishi mahali pengine popote duniani. Aliishi kwa mnyunyizo wa maporomoko. Mto ulipoelekezwa kwenye mashine, sehemu kubwa ya maji ya maporomoko ilitoweka, na mnyunyizo nao. Wahandisi wakatakiwa kutengeneza ukungu: mabomba yanayoleta maji kwa mteremko tu, bila pampu, hadi kwenye mamia ya nozeli zinazopuliza korongoni. Vinyunyizio vikafanya kazi, chura wakaongezeka, kisha wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliokolewa na wale waliopelekwa mapema Marekani, wakazaana kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na vizazi vyao vikaanza kurudishwa Kihansi.

Fundi aliyetuongoza kazi yake ni kupanda na kushuka lile korongo akisafisha machujio na nozeli. Jani moja likiziba nozeli, sehemu ya makazi ya chura inakauka. Mpaka wetu ulikuwa penye beseni la dawa: kila anayeingia lazima atumbukize viatu, asipeleke kuvu ndani. Sisi wageni tuliishia hapo, yeye akatumbukiza buti zake, akachukua spana na begi, akaendelea kupanda. Mimi naamini kazi za nje za miaka ijayo zitafanana sana na ile. Kujenga bwawa kunachukua miaka michache. Kulipa mto haki yake baada ya bwawa hakuna tarehe ya mwisho, na kunahitaji mtu mwenye spana na mapafu mazuri.

Tulipanda treni tena hadi Makambako. Ni mwendo wa giza na mwanga, handaki, daraja, handaki, na mabonde ambayo huwezi kuamini mtu alisimama humo na kusema reli ipite hapa. Binti alikuwa akihesabu miti iliyoinama. Makambako tulipokewa na baridi na ule upepo wake, tukanywa chai ya tangawizi, tukaendelea.

Usangu ilikuwa lengo langu tangu mwanzo. Mito inayoshuka kutoka safu za Kipengere na Poroto, Kimani, Chimala, Mbarali na mingine, inakutana kwenye nyanda hizi, inamwagilia mpunga, inapita ardhi oevu ya Ihefu na kuwa Ruaha Mkuu. Maji hayo ndiyo ya tembo na viboko wa Hifadhi ya Ruaha, ndiyo ya Mtera yenye megawati 80 na Kidatu yenye 204. Tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Mkulima wa Mbarali, mfugaji, askari wa wanyamapori na mtu wa umeme wote wanataka kujua maji ni kiasi gani, na kila mmoja anamshuku mwenzake.

Anayewajibu ni mtu aliyesimama mtoni. Kwenye Mto Kimani tulimkuta mhaidrolojia, mwanamke wa rika la dada yetu wa kwenye treni, maji yakimfika mapajani, mkononi ana fimbo ya chuma yenye propela ndogo. Kamba ya vipimo ilikuwa imevutwa kutoka ukingo hadi ukingo. Kila baada ya nusu mita anapima kina, anateremsha propela hadi asilimia 60 ya kina kutoka juu, anahesabu mizunguko kwa sekunde, anatamka namba. Kasi mara kina mara upana, kipande kwa kipande, unajumlisha, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Ukingoni kuna mbao yenye sentimita zilizochorwa, na mzee wa kijiji huisoma asubuhi na jioni na kuandika daftarini kwa posho ndogo sana kwa thamani ya anachokifanya. Kazi ya mhaidrolojia ni kuunganisha namba za mzee na namba za propela, ili mtu akijua kimo ajue na wingi. Na kwa kuwa kila mafuriko yanahamisha mchanga wa chini, uhusiano huo unabadilika, na lazima mtu arudi tena kuingia majini.

Binti alipewa daftari aandike. Namba zikija haraka anarudia kwa sauti, yule wa majini anaitikia "ndiyo" au anasahihisha. Walipomaliza walikaa kwenye jiwe wakakokotoa pamoja, na mzee msoma kipimo akasimama juu yao akisubiri jibu. Lilikuwa dogo kuliko la mwezi kama huo mwaka uliopita. Mzee aliguna, akauliza kama skimu ya umwagiliaji ya juu imefunga lango lake kwa zamu, akajibiwa kwamba hilo litaangaliwa kesho.

Binti akauliza maswali yake yaleyale, kwa mpangilio, kama mtu anayenunua shamba. Siku ngapi kwa mwezi ni za nje? Kiangazi nyingi, masika zaidi, kwa sababu mafuriko ndiyo yasiyojulikana na ndiyo hatari. Unalala wapi? Nyumba za wageni, shuleni, mara nyingine kwenye gari. Mshahara? Alitajiwa wazi, na posho, na miezi ambayo posho imechelewa. Mamba? Huku juu kwenye mawe ni nadra, kule chini hawaingii majini, wanapimia kwenye boti au darajani. Choo? Yule mhaidrolojia alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akasema gari lao lina hema dogo la kujisitiri, na kwamba alilidai yeye mwenyewe kwa barua mpaka likanunuliwa.

"Na wakikupandisha cheo?"

"Nimeshakataa kimoja. Cha pili sijui." Alikuwa anakausha propela kwa kitambaa, anairudisha kwenye sanduku lake. "Kesho tuko Mbarali, tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Kama shangazi anaruhusu, njoo, nina nafasi moja ya mshika kamba. Ila viatu hivyo acha. Tafuta vinavyokauka haraka."